Wasomaji Wauliza: Bahari Yote Haiingii Katika Hojaji Moja

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu walio katika utafiti wao wa kwanza. Tumejibu sita. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa, kwa sababu nusu ya matatizo ya barua zilizofuata yalianzia hapo.

Wahariri, salamu. Niko mwaka wa mwisho chuoni. Mada niliyompelekea msimamizi ni "Athari za Mabadiliko ya Tabianchi kwa Wavuvi wa Pwani ya Kenya". Ilirudi ikiwa na neno moja pembeni: pana. Nikaandika "wavuvi wa Mombasa", ikarudi tena. Yataka nini? — Mwanafunzi, Mikindani

Ndugu yetu, ulichokata ni ramani tu, mada yenyewe hujaigusa. Ina mafundo matatu. "Athari" ni zipi: kilo za samaki, pesa mfukoni, au siku za kukaa pwani bila kazi? "Tabianchi" wataalamu wa hali ya hewa huipima kwa wastani wa miaka 30, nawe una miezi mitatu. Na "wavuvi" si watu wa namna moja. Wa madema, wa mshipi, wa nyavu na anayekwenda kwa miguu mwambani kutafuta pweza, kila mmoja ana bahari yake.

Acha kichwa cha mada kwanza, uandike swali lenye alama ya kuuliza. Swali hilo limtaje nani, kinachopimwa ni nini, kwa kipimo gani, wapi na lini. Mfano: "Je, wavuvi wa madema wa bandari moja ndogo ya Likoni hupoteza siku ngapi za kazi kwa mwezi wakati wa kusi, ikilinganishwa na kaskazi?" Siku zinahesabika. Kusi na kaskazi zinalinganishika. Mtu mmoja mwenye daftari anaiweza kazi hiyo.

Kisha angalia kalenda kabla hujamwonyesha msimamizi. Ukienda uwanjani Mei hadi Julai utaikuta kusi peke yake, na habari za kaskazi zitatoka katika kumbukumbu za watu. Kumbukumbu ya miezi sita nyuma haiaminiki kwa hesabu, maana mtu hukumbuka siku ya neema na siku ya msiba, zile za katikati zikapotea. Kwa hiyo uliza mapema kama kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile ambacho wavuvi hukiita BMU, kina daftari la samaki waliopimwa kila siku. Kama lipo, nusu ya data yako imeshaandikwa. Kama halipo, punguza swali libaki ndani ya msimu mmoja. Kwa bahari yetu, hata wiki moja hailingani na nyingine: bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) hubadilishana kila baada ya wiki moja hivi, na atakayekusanya data siku za bamvua pekee atapata picha ya upande mmoja. Ramadhani nayo huvuruga saa za kazi na matumizi ya chakula, basi usiichanganye na miezi mingine bila kuitaja.

Mtihani wa mwisho wa swali ni huu. Chora jedwali la matokeo likiwa tupu, lenye vichwa vya safu na mistari, kabla hujamhoji mtu hata mmoja. Ukishindwa kujua safu ziitweje, swali bado bichi. Malengo mahususi yasizidi matatu, na yaanze kwa vitenzi vinavyopimika kama kupima, kulinganisha au kubainisha. "Kuelewa" hakuna siku utakayojua umekufikia.

Nina orodha ya wanachama 400 wa chama cha akiba na mikopo. Mwenzangu asema nihoji 200, mwingine 196, mwingine 80. Nani mkweli? — Dada wa Kisauni

Wote watatu, dada, ila kila mmoja kaja na kipimo chake. Fomula ya Yamane, ambayo wanafunzi wengi hapa hutumia, huchukua idadi ya walengwa na kuigawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kiwango cha kosa. Kwa kosa la asilimia 5: 0.05 mara 0.05 ni 0.0025, 400 mara 0.0025 ni 1, ongeza 1 ni 2, na 400 gawanya kwa 2 ni 200. Kwa kosa la asilimia 10, kigawanyo kinakuwa 5, unapata 80. Hiyo 196 imetoka katika jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Chagua moja, utaje umeichagua kwa nini, na usichanganye.

Kosa kubwa halimo katika fomula. Hesabu hizi zina maana pale tu watu wanapochaguliwa kwa bahati nasibu. Ukikaa mlangoni mwa ofisi ya chama ukahoji 200 wa kwanza kufika, utakuwa umewahoji wenye shida ya mkopo wiki ile, na fomula haitakuokoa. Ipe orodha namba 1 hadi 400 katika lahajedwali ya kompyuta, jaza safu ya pili kwa namba za nasibu, panga orodha yote kwa safu hiyo, chukua 200 za juu. Ni kazi ya dakika kumi.

Wako wanaopenda kuruka, yaani kuchukua kila jina la pili. Inafaa, lakini chungulia mpangilio wa orodha kwanza. Ikiwa imeandikwa mume, mke, mume, mke, utarudi nyumbani na wanaume watupu au wanawake watupu.

Wengine watakataa, wengine watakuwa safarini. Ukikadiria asilimia 10 hawatapatikana, usiongeze 20 ukaishia 220. Gawanya 200 kwa 0.9, upate 222 na sehemu kidogo, chukua 223. Anayekosekana asibadilishwe na jirani yake aliye karibu. Chukua jina linalofuata katika orodha ya nasibu, na uandike wangapi walikosekana.

Ikiwa kazi yako ni mahojiano marefu, fomula hii si yako. Huko kuhoji husimamishwa pale mahojiano mapya yanapoacha kuleta jambo jipya. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 ya wanawake nchini Ghana na Nigeria, ulikuta mambo mengi makuu yalishajitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Lakini wale walikuwa watu wa hali moja wakiulizwa maswali yaleyale. Ukichanganya wachuuzi wa Kongowea na wenye maduka ya Mji wa Kale, 12 hawatoshi.

Hojaji yangu niliiandika kwa Kiingereza, nikaitafsiri mwenyewe nikiwa njiani kwenda kuhoji madereva wa tuktuk. Majibu ya "mapato" hayaeleweki, huyu 800, huyu 3,500, na wako kituo kimoja. — Msomaji, Changamwe

Hao wamejibu maswali tofauti. Mmoja amekutajia pesa zote alizoshika, mwingine amekwisha toa mafuta na pesa ya mwenye chombo. Neno "mapato" ni la mwandishi wa bajeti. Barabarani uliza hatua kwa hatua: Jana ulifanya kazi? Ulishika shilingi ngapi jumla? Mafuta yalikula ngapi? Mwenye tuktuk ulimpa ngapi? Trafiki, maegesho na chakula je? Kutoa utatoa wewe mezani. Uliza jana, usiulize "kwa kawaida kwa mwezi", maana dereva wa pesa ya kila siku hana mwezi kichwani.

Kuhusu tafsiri, utaratibu ni huu. Mtu wa kwanza atafsiri kwenda Kiswahili. Mtu wa pili, ambaye hajaiona hojaji ya asili, airudishe kwa Kiingereza. Mlinganishe nakala mbili za Kiingereza, na palipotofautiana ndipo penye ugonjwa. Kisha ijaribu kwa watu wachache, kiasi cha asilimia 10 ya sampuli, wasiomo katika sampuli yenyewe. Usiwaulize tu maswali, waulize walielewa nini.

Katika jaribio hilo windeni maswali mapacha. "Je, huduma ya zahanati ni ya haraka na ya bei nafuu?" ni maswali mawili, na aliyehudumiwa haraka kwa bei kali hana la kujibu. Windeni pia swali linalompa mtu jibu, kama "Huoni kwamba ada ni kubwa mno?" Watu wetu wana adabu na mgeni, watakukubalia.

Data ya hao madereva uliokwisha kuwahoji iweke kando. Haitengenezeki kwa kukisia.

Je, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anahitaji kibali? — Mwanafunzi, Tudor

Utafiti nchini Kenya huhitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyo chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na unaogusa watu hupitia kwanza kamati ya maadili. Muulize msimamizi kama mradi wenu unaingia katika kibali cha chuo au unaomba mwenyewe, na umuulize kabla ya kwenda uwanjani, kwa kuwa kamati haziidhinishi data iliyokwisha kukusanywa. Mhojiwa apewe maelezo kwa lugha anayoielewa, aambiwe anaweza kukataa na kuacha katikati, na akiwa chini ya miaka 18 mzazi au mlezi aridhie pia. Majina na namba za simu ziwe faili moja, majibu faili nyingine, yakiunganishwa kwa namba ya siri tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haibagui daftari la mwanafunzi.

Nimetumia programu ya akili bandia kunitafutia marejeleo. Msimamizi asema matatu hayapo duniani. Yana majina, miaka, hata kurasa! — Kijana wa Bamburi

Hayapo, na msimamizi wako kafanya kazi ambayo ilikuwa yako. Programu hizo huunda sentensi inayofanana na rejeleo, zina uwezo wa kukuungia mwandishi wa kweli na makala ambayo hakuiandika. Kila makala yenye DOI, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, inayoanza na 10, ifungue kwa namba hiyo kupitia doi.org. Ikileta makala nyingine, au isilete kitu, rejeleo lifute. Isiyo na namba hiyo itafute kwa kichwa chake chote katika Google Scholar, au katika African Journals Online, ambako majarida mengi ya Afrika yamo.

Kisha ukiipata, isome. Si kwa kuanzia juu hadi chini; soma ikisiri (muhtasari wa mwanzoni), ruka kwenye majedwali, kisha mbinu, na utangulizi uwe wa mwisho. Weka jedwali lako lenye mstari mmoja kwa kila makala: nani na lini, aliuliza nini, wapi, sampuli ngapi, alikuta nini, alichoacha. Makala 15 zikishaingia humo, sura ya mapitio huandikwa kwa kushuka safu, si kwa kwenda mstari kwa mstari. Anayekwenda mstari kwa mstari huandika "Fulani alisema, Fulani akasema" kurasa kumi, na msomaji hajui walikubaliana wapi. Programu ya Zotero, ambayo ni bure, itakutunzia marejeleo na kuyapanga. Hata hivyo kagua, maana hubeba makosa ya tahajia kama ilivyoyakuta.

Na barua pepe ikikuahidi kuchapisha kazi yako ndani ya siku tatu ukilipa kwanza, hakuna mhakiki atakayeisoma.

Nimemaliza kukusanya data. Nianzie wapi kuandika, na nitofautisheje matokeo na mjadala? — Bi. wa Mtwapa

Anza na mbinu, bibi, kumbukumbu ingali mbichi. Pendekezo la utafiti liliandikwa kwa wakati ujao, "nitahoji watu 200". Tasnifu iwe "nilihoji watu 187", idadi ya kweli. Masalia ya "nitahoji" ni kosa ambalo watahini hulikuta, na huonyesha sura ilinakiliwa bila kusomwa. Kisha matokeo, mjadala, utangulizi, na ikisiri mwisho kabisa.

Matokeo ni ulichokuta: "Wahojiwa 8 kati ya 12 walitaja bei ya mafuta." Usiandike asilimia 66.67 kwa watu 12. Desimali hizo zinadai usahihi usiokuwepo. Mjadala ni kwa nini ilikuwa hivyo, nani mwingine alikuta hivyo, na wapi data yako ni dhaifu. Neno "kwa sababu" likijitokeza katika matokeo, sentensi hiyo imepotea njia.

Angalia pia wastani. Wachuuzi watano wakipata kwa siku shilingi 500, 600, 600, 700 na 5,600, wastani ni 1,600, pesa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeishika. Namba ya katikati ni 600. Toa zote mbili, na umseme huyo wa 5,600: yeye ni nani, anauza nini, na je, tarakimu hiyo uliiandika sawasawa? Rudi kwenye karatasi ya hojaji uitazame kabla hujaandika neno la mjadala. Mara nyingi ni 560 iliyoongezwa sifuri wakati wa kuingiza data usiku.