Kufundisha viola si kukwama

Mkuu, umeuliza kama mpiga viola (ala ya nyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko fidla) akianza kufundisha ndiyo amekwama kimuziki. Hapana kabisa! Mtazame mpiga viola William Primrose, mzaliwa wa Glasgow, Uskoti, 1904. Alianza na fidla, na mwalimu wake Eugène Ysaÿe ndiye aliyemshauri ahamie viola. Ni Primrose aliyemwomba Bartók, mtunzi wa Hungaria, amtungie konseto, yaani muziki wa ala moja ikiongoza mbele ya okestra. Bartók akafariki 1945 hajaimaliza, mtunzi mwenzake Tibor Serly akaikamilisha, Primrose akaipiga kwa mara ya kwanza 1949. Mtu huyohuyo baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Indiana.

Nami nafundisha. Ukimshika mwanafunzi kiwiko mpaka uzito wa mkono ushuke kupitia upinde hadi kwenye uzi mnene wa chini, sauti ile nzito ikitoka, hata mkono wako mwenyewe unajifunza upya.