Wakili anataka niseme maisha yake yamekwisha

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nimeitwa mahakamani kama shahidi mtaalamu katika kesi ya fidia ya fundi cherehani aliyepooza miguu kwa ajali ya gari. Wakili wake ananisihi niseme "maisha yake yamekwisha", la sivyo atapewa kidogo. Lakini fundi ameshaanza kushona tena. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usiseme. Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye kiti cha magurudumu. Katika kesi yangu mwenyewe daktari alisimama akasema nimebaki mzigo kwa familia, nami nimeketi hatua tatu tu kutoka kwake. Hakuwahi kuniuliza naogaje wala nafikaje kazini. Fidia nililipwa, lakini mama yangu aliyasikia maneno yale, na hadi leo hayajamtoka.

Taaluma ya ulemavu inatufundisha kutenganisha mwili ulivyo na vikwazo unavyokutana navyo. Ripoti yako ibebe vyote viwili. Nenda anakofanyia kazi ukiwa na futi. Pima mlango, hesabu ngazi. Mtazame anavyobonyeza pedali ya cherehani ya umeme kwa kiwiko, uandike suruali moja inamchukua saa ngapi sasa na zamani ilimchukua ngapi. Kisha muulize mwenyewe, na maneno yake uyaandike alivyoyasema. Kiti huchakaa, vidonda vya mgandamizo huhitaji kinga, msaidizi hulipwa. Kila kimoja kina gharama inayothibitika. "Maisha yamekwisha" huangushwa na picha moja tu ya fundi akiwa kazini.

Ila usimpambe pia. Mwaka 2017, katika kesi ya Moore dhidi ya Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikosoa mahakama ya Texas kwa kuegemea mno yale aliyoyaweza mtu aliyedai kuwa na ulemavu wa akili, kama vile kukata nyasi. Kwa hiyo ukisema anashona, sema anashona kwa msaada gani na kwa uchovu kiasi gani.

Jambo jingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 13, unataka taratibu za mahakama zirekebishwe ili nao watoe ushahidi sawa na wengine. Muulize wakili mapema kama kizimba kina ngazi. Mimi nilitolea ushahidi wangu chini, pembeni ya kizimba, na jaji ilimbidi ainuke ndipo anione.