Mtoto wa miaka minne na nyoka wa kufugwa: jibu langu, samahani kwa urefu

Mkuu, umeuliza hivi: mjomba wa watoto amemletea kijana wako wa miaka tisa nyoka wa kufuga, sasa mdogo wake wa miaka minne analia kila siku na yeye anataka kumshika. Je, umruhusu? Nimesoma majibu yaliyotangulia. Nusu wanasema mtupe nje huyo, nusu wanasema hana sumu, waache watoto wacheze. Hao wa kwanza niwaambie tu kwamba nyoka wa kufugwa hatupwi nje, ama atakufa, ama atakuwa shida ya jirani. Hao wa pili ndio wananitia hofu, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao.

Nimefuga nyoka na mijusi kwa zaidi ya miaka kumi, na watoto wangu wawili wamekulia humo humo. Kila mtu akija nyumbani anauliza, "Hawang'ati?" Wanang'ata, ndiyo. Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus, yule mwekundu-chungwa asiye na sumu) akikung'ata ni kama umekwaruzwa na mti wa miiba. Mtoto atalia kwa mshtuko zaidi ya maumivu. Aliyenipeleka hospitali usiku hakuwa nyoka. Alikuwa mjusi mpole wa binti yangu, yule wa madoadoa wanayemwita mjusi chui, ambaye hajawahi kumng'ata mtu maishani mwake.

Ilikuwa hivi. Mwanangu mdogo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na tulikuwa waangalifu kweli kweli, hajawahi kumgusa yule mjusi hata kwa kidole. Siku moja nikasafisha tangi, nikaosha kile kibakuli cha maji cha mjusi kwenye sinki la jikoni, nikasuuza sinki kwa maji tu. Baadaye kikombe cha mtoto kikaingia sinki lile lile. Siku ya tatu akapata homa kali, akaharisha, kisha ikaja damu. Daktari hata kabla ya majibu ya choo hayajatoka aliniuliza swali moja: "Nyumbani mna kobe, mjusi au nyoka?" Niliona aibu kumjibu. Majibu yakaja, salmonela. Mtoto alipona, lakini ile wiki sitaisahau.

Kitu ambacho wengi hawakielewi ni kwamba mnyama mwenye bakteria hawa haonekani mgonjwa. Salmonela wanakaa tumboni mwa reptilia kama wapangaji wa kudumu, mnyama anakula vizuri, ana rangi nzuri, ila wanatoka na choo chake na kusambaa kwenye ngozi, kwenye maji, kwenye kioo na kwenye mchanga. Hawatoki kila siku, ndiyo maana kipimo kikisema hana, hakimaanishi kesho hatakuwa nao. Mchukulie kila reptilia kuwa anao, basi. Na mtoto si lazima amguse mnyama. Shati lako ulilomshikia nyoka, ukimbeba nalo mtoto, linatosha. Dalili huanza kati ya saa sita na siku sita, na kwa watoto wachanga bakteria wanaweza kuingia kwenye damu hadi kwenye utando wa ubongo. Marekani walipiga marufuku mwaka 1975 kuuza vile vikobe vyenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu ukubwa ule ni ule ule wa kitu ambacho mtoto anatia mdomoni. Na hadi leo kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, hakishauri reptilia kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo jibu la swali lako: wa miaka minne, hapana, asimshike. Siyo kwa sababu nyoka ni mbaya. Mtoto wa umri huo anashika kitu, anajifuta pua, anatia kidole mdomoni, yote ndani ya sekunde tano, na hakuna mzazi mwenye macho ya kuyawahi hayo.

Usimfukuze chumbani lakini. Akifukuzwa ndiyo atavizia umelala. Mpe kazi. Binti yangu alipokuwa na umri huo kazi yake ilikuwa kalenda: nyoka akila, anachora duara jekundu, halafu anahesabu siku mbili za "babu amelala" ambazo hakuna mtu anaruhusiwa kumsumbua. Alikuwa mkali kuliko mimi. Mgeni akiniomba amwone nyoka, anasimama katikati ya mlango, "Bado siku moja!" Na haki alikuwa nayo, maana nyoka akishikwashikwa kabla ya saa 48 tangu ale anaweza kutapika kile chakula, na nyoka aliyetapika anadhoofika vibaya. (Nilijifunza hilo mbele ya wageni, juu ya kapeti. Harufu yake sielezi.)

Sasa huyu wa miaka tisa. Huyu anaweza, ila naomba ubadilishe neno moja kichwani. Yeye hamshiki nyoka. Unayemshika ni wewe, yeye anakusaidia kumbeba. Ukilielewa hivyo, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Kwanza muacheni atulie. Mnyama mgeni anahitaji wiki moja au mbili bila kuguswa, na mimi husubiri awe amekula angalau mara mbili bila shida. Siku ya kuanza, kaeni chini sakafuni, siyo kwenye kiti wala kitandani. Nyoka akimponyoka mtoto aliyesimama anaanguka mita nzima, na anaweza kuumia ndani usione kitu. Mijusi ndiyo zaidi: mjusi chui akishtuka au akishikwa mkia anaukata na kuuacha unacheza peke yake mkononi. Utaota mwingine, ila hautafanana na wa kwanza, na mtoto ataamini ameua.

Wewe mtoe. Usimjie kutoka juu, maana kinachomshukia nyoka kutoka juu huko porini ni ndege anayetaka kumla. Mjie kwa ubavu, mguse katikati ya mwili kwanza kwa karatasi iliyokunjwa au ndoana ya nyoka (fimbo yenye ncha iliyopinda, siyo ya kuvulia samaki), ajue kuwa hiki si chakula, kisha mwinue kwa mikono miwili. Kichwa usikishike. Nyoka aliyeshikwa kichwa anadhani anauawa. Mtoto aweke viganja wazi kama anapokea maji, wewe umwache nyoka apite kutoka kwako kwenda kwake, na mkono wako mmoja ubaki chini ya mwili wa nyoka muda wote. Dakika kumi zinatosha. Huyu ni mnyama anayetegemea joto la nje, akitoka kwenye kizimba chake chenye joto anaanza kupoa, na mtoto naye umakini unaanza kuisha. Wote wawili wanachoka pamoja.

Asimvae shingoni. Najua picha inapendeza. Asimbusu, asimweke karibu na uso.

Na kabla ya kumtoa, mikono ioshwe. Watu wanakumbuka kuosha baada, wanasahau kabla. Hapa ndipo binti yangu aling'atwa, mara moja tu katika miaka yote hiyo, na kosa lilikuwa langu. Alikuwa ametoka kucheza na hamsta wa rafiki yake, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya. Nikamtoa chatu wetu, yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejiviringa kama mpira (Python regius), nikamwambia njoo. Nyoka hukusanya harufu kwa ulimi, na chatu hawa wana vitundu kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto. Sasa fikiria: mkono una harufu ya panya, na una joto. Kwake huo haukuwa mkono tena. Alidaka kidole gumba na kujizungusha kwenye kiganja kwa kasi ambayo sikuiona.

Ikitokea kwenu, usivute. Meno ya chatu yamepinda kuelekea nyuma, ukivuta unachana ngozi ya mtoto na kung'oa meno ya nyoka. Mshike mtoto mkono atulie, fungua mzunguko ukianzia mkiani, na kama hajaachia mwagie maji baridi kichwani. Wetu aliachia mwenyewe ndani ya dakika moja. Osha jeraha kwa maji na sabuni nyingi, angalia kama jino limebaki, mpeleke kwa daktari likianza kuvimba au kama chanjo zake za pepopunda hazijakamilika. Binti yangu alilia, kisha akauliza kama nyoka naye ameumia meno. Siku zile ndiyo nikajua atakuwa mfugaji kweli.

Mfundishe kijana wako kusoma mwili wa mnyama, anaweza kabisa, watoto wana macho makali kuliko sisi. Shingo ikijikunja kama herufi S, hiyo ni onyo. Nyoka wa mahindi akiogopa hutikisa ncha ya mkia haraka haraka. Chatu mpira anaficha kichwa ndani ya mviringo wake, maana yake sitaki. Mjusi mwenye ndevu wa Australia ndevu zinageuka nyeusi. Mjusi chui anainua mkia na kuuyumbisha polepole. Nyoka mwenye macho ya rangi ya maziwa anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri, kila kivuli kwake ni adui, usimguse mpaka amalize. Kwetu sheria ni kwamba mtoto ndiye anayesema, "Leo hataki," na mkubwa anatii. Hata kama mgeni amesafiri kutoka mbali.

Kuhusu aina. Nyoka wa mahindi, chatu mpira, mjusi chui na mjusi mwenye ndevu, hao ndio waliozoeleka kwa watoto na wanastahili sifa zao. Ujue tu unachosaini: chatu mpira huishi miaka 20 hadi 30, kijana wako atakuwa na watoto wake. Iguana wa kijani, yule mjusi mkubwa, simpendekezi, anafika mita moja na nusu, mkia wake ni kiboko na kucha zake ni visu. Na chatu wakubwa siwezi hata kujadili. Mwaka 2013, mji wa Campbellton huko Kanada, ndugu wawili wa miaka 4 na 6 waliuawa wakiwa wamelala na chatu mkubwa wa Kiafrika aliyetoroka kizimbani. Hakuna aliyekuwa anamshika. Nyoka wa zaidi ya mita mbili anahitaji watu wazima wawili kila anapotolewa, na nyumba yenye watoto kwa maoni yangu haimhitaji kabisa. Huyu wenu mdogo naye kizimba chake kiwe na kufuli, ufunguo ukae kwako. Nyoka akipitisha kichwa mahali, mwili unafuata.

Usafi nimeshasema kisa chake, kwa hiyo kifupi: vyombo vyake vina ndoo yake na sifongo lake, haviingii jikoni. Panya wa kugandishwa wa kumlisha nao wanaweza kuwa na salmonela, barafu haiui bakteria hao, kwa hiyo panya hao wasikae kwenye friza la chakula chenu wala wasiyeyushwe kwenye maikrowevu. Mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Dawa ya kupaka mkononi ni ya pale tu ambapo hakuna maji.

Kuna jambo moja hakuna aliyeligusa kwenye uzi huu. Mtoto aliyezoea nyoka mpole nyumbani anaweza kumwendea nyoka wa nje akidhani ni ndugu wa yule. Mimi nilijiamini, nilikuwa nimemwambia binti yangu mara mia. Nikajaribu: nikaweka nyoka wa plastiki kwenye majani nyuma ya nyumba, nikamtuma akalete mpira. Akarudi na mpira mkono mmoja na nyoka mkono wa pili, anacheka.

Tuliacha kuelezana, tukaanza mazoezi. Usimfundishe kutambua nani ana sumu na nani hana, hata watu wazima wanakosea. Sheria ni moja: nyoka anayeguswa ni yule tu ambaye mkubwa amemtoa kizimbani kwa mkono wake. Mwingine yeyote, hata wa kwetu akiwa sakafuni, unasimama, unarudi nyuma, unaita. Tulifanya na yule wa plastiki kama mchezo, mara jikoni, mara bafuni, mara chini ya kitanda. Kama mwezi wa pili hivi wa mazoezi alikuja akanivuta shati, "Baba, kuna nyoka mlangoni, sijamgusa." Siku hiyo sikuwa nimeweka wa plastiki. Alikuwa nyoka wa kweli, mwembamba wa kahawia, na mpaka nafika alishapotelea majanini.

Mkuu, rudi utuambie ni aina gani, ana urefu gani, na kama amekula tangu afike. Kama bado hajala, wiki hii hata wewe usimshike.