Jekundu si lazima liwe feki

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Marahaba, na salamu zako kwa mamako zimefika.

Unasema huko Kariakoo umekuta roboti la kuchezea linalogeuka gari la Volkswagen, sawasawa na Bumblebee wangu wa kabatini, ila jekundu. Muuzaji anaapa ni la asili. Wewe unaona ni feki tu, maana nani asiyejua kuwa Bumblebee ni wa njano? Unataka kujua ulichukue au uliache.

Rangi peke yake isikukimbize. Transformers, yaani maroboti haya ya kugeuka, zilipoingia madukani Marekani mwaka 1984, kampuni ya Kimarekani ya Hasbro haikukaa chini ikabuni maroboti mapya. Iliyachukua ya kampuni ya Kijapani, Takara, yaliyokuwa yakiuzwa kule kwa majina ya Diaclone na Micro Change, ikayapa majina na hadithi. Kigari hicho kilitoka Micro Change, na Bumblebee wa mwanzo aliuzwa wa njano, akauzwa na mwekundu. Cliffjumper, roboti mwenzake ambaye watu wanamjua kwa wekundu wake, naye alitoka pia wa njano. Sunstreaker, ile Lamborghini ya njano, kwenye Diaclone ilikuwa nyekundu. Kichekesho ni Bluestreak: boksi lina picha ya gari la buluu, ukifungua unakuta la rangi ya fedha! Na ndege zile tatu, Starscream, Thundercracker na Skywarp, ni kalibu moja, yaani zimemiminwa kwa umbo lile lile. Rangi ndiyo inayokwambia huyu nani. Mamako mpaka leo anasema nimenunua ndege moja mara tatu.

Kwa hiyo hoja si wekundu. Hoja ni huo wekundu umeingiaje.

Mwili wa kile kigari ni plastiki iliyotiwa rangi tangu inayeyushwa, haikupakwa juu. Litafute pale lilipochubuka, kwenye kingo za bodi na karibu na magurudumu. Chini ya wekundu lazima ukute wekundu. Ukiona njano inachungulia, jua kuna mwenzangu kalipuliza. Kisha ligeuze uangalie matundu ya skrubu. Rangi ya kupuliza huganda mle ndani, ikafanya ukingo mnene, na fundi mvivu hupitisha hata juu ya kichwa cha skrubu. Mimi nimepuliza magari Mwanakwerekwe mpaka mapafu yakachoka, hilo halinipiti. Viungo navyo, miguu ikikwama kama imegandishwa kwa gundi, ni rangi hiyo.

Ile picha uliyonitumia haiwezi kunisaidia. Umeipiga chini ya taa ya duka, na simu nayo inajirekebishia rangi inavyotaka yenyewe, ndiyo maana limeonekana kama chungwa. Mwombe muuzaji mtoke naye nje, mkae kivulini, si juani. Weka karatasi nyeupe kando yake, upige tena. Karatasi ikitoka nyeupe kwenye picha, hapo tunaweza kuzungumza. Na usishtuke ukiona sehemu mbili za roboti moja hazilingani rangi. Bampa la plastiki na mlango wa bati huwa hivyo hivyo, hata ukichota kopo moja.

Muuzaji akikwambia halina kibandiko cha kusugua kinachobadilika kwa joto la kidole, hilo si aibu. Vibandiko vile vilikuja 1985, kwa ajili ya feki hizo hizo, kwa hiyo la mwaka wa kwanza halinacho. Tafuta badala yake maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki yenyewe: jina la Takara na Japani. Herufi ziwe kali. Zikiwa zimevimba kama zimeloa, liache hapo hapo.

Kwa macho yangu Bumblebee mwekundu hapendezi, nakwambia kweli. Lakini kando ya yule wa njano nafasi ipo, na wawili wakikaa pamoja ndipo mtu anaona kalibu ni ile ile.

Ukikuta plastiki yenyewe ni nyekundu hadi ndani ya tundu la skrubu, anza na nusu ya bei aliyotaja. Ukilipata usiligeuzegeuze njiani. Litie ndani ya soksi, uje nalo kwenye boti sikukuu.

Baba yako