Ukifanya kazi na mfuko wa uwekezaji, jua kwanza pesa yako inaiva lini

Tangu bomba la mafuta la kutoka Hoima lianze kuja Chongoleani na bandari yetu ikaongezwa kina, Tanga tumeanza kupata wageni ambao zamani tulikuwa tunawasikia Dar tu, yani watu wa mifuko ya uwekezaji, ile inayokusanya pesa za watu na kuziweka kwenye miradi. Alafu 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, wakatoa ile hatifungani ya kijani, yani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 na ikanunuliwa yote, basi wenye mitaji wakajua kumbe huku kuna mambo. Sasa mtu wa mfuko akishuka hapa hajui Muheza wala Pangani, hajui nani ana hati ya shamba na nani ana karatasi ya serikali ya kijiji tu, lazima atafute mwenyeji wa kumfanyia utafiti. Huyo mwenyeji ndio konsaltanti, na mimi ni mmoja wao, kazi yangu ni upembuzi yakinifu, yani kuchunguza kama mradi unaweza kulipa, kwa miradi ya kilimo na viwanda vidogo.

Naandika haya kwa sababu nimeshafikishana na mfuko mmoja, jina siwataji, mpaka kwa msuluhishi, yani mtu anaeamua ugomvi badala ya hakimu, na nimeona vijana wengi wa hapa mjini wanaingia kwenye kazi hizi wakiwa na barua pepe mbili na maneno ya simu. Inaniuma kwa kweli, mtu anazunguka vijijini kwa pikipiki yake miezi na miezi, anatoa ripoti nzuri, mwisho anaambiwa dili halikufungwa kwa hiyo hakuna malipo.

Ugomvi wa mfuko na konsaltanti mara nyingi hauanzi kwenye ubora wa kazi. Unaanzia kwenye swali moja, pesa inaiva lini, yani lini una haki ya kuidai? Mifuko haipendi kulipa mwanzoni, wanakwambia tutakupa kidogo cha kuanzia alafu ile kubwa utapata asilimia kadhaa muamala ukikamilika. Sawa, hiyo ni kawaida ya kazi hizi dunia nzima. Lakini muamala ni nini, na umekamilika wakati gani? Mkataba ukisainiwa, pesa ikiingia benki, au kiwanda kikianza kazi? Na wakiwekeza kwa kupitia kampuni nyingine yenye jina lingine kabisa, bado ni muamala wako?

Mimi kazi yangu ilikuwa ya machungwa ya Muheza. Mnajua wenyewe msimu ukifika maroli yanapakia kwenda Kenya na yanayobaki yanaozea chini ya miti, sasa mfuko ulitaka kujua kama kiwanda cha kukamua kinaweza kulipa. Nikapita Misozwe, nikapita Mtindiro, nikakaa na wakulima. Tatizo la machungwa ni kwamba mkulima anauza kwa tenga au kwa idadi, na tenga la huyu sio tenga la yule, wakati mwekezaji anataka tani. Kwa hiyo nikawa napima mwenyewe, tunaning'iniza mzani kwenye tawi, kijana anashika kamba, mimi napiga picha ya namba na naandika jina la shamba na tarehe. Jedwali lile la vipimo ndio lilikuwa moyo wa ripoti yote, na baadae ndio lililokuja kuniokoa.

Ripoti wakaipokea, wakashukuru sana, alafu kimya. Kila nikiuliza naambiwa dada subiri, kamati ya uwekezaji haijakaa. Mara nasikia huko huko Muheza kuna kampuni mpya inaongea na wakulima wangu wale wale. Nikafatilia nikakuta kampuni ile wenye hisa ni mfuko kwa mgongo wa kampuni nyingine. Nikatuma invoisi, jibu likaja kwamba mfuko haukufanya muamala wowote, na mkataba wako umeshaisha muda wake.

Hapo ndio maneno ya kwenye karatasi yanapopiga kazi. Rasimu yao ya kwanza ilisema malipo yatafanyika "muamala utakapokamilika", basi, nukta. Wakili wangu, mama mmoja mtu mzima hapa Chumbageni ambae haongei sana, alisoma akaniambia mwanangu hapa hapana, akaongeza mambo mawili. La kwanza, muamala ni uwekezaji wowote unaofanywa na mfuko wenyewe au kupitia kampuni yoyote inayohusiana nao, na unahesabika umekamilika siku pesa ya kwanza inapotoka. La pili, hata mkataba ukiisha, uwekezaji ukifanyika ndani ya miezi 12 kwenye mradi niliouchambua mimi, malipo yangu yako pale pale. Walinuna kidogo lakini walisaini. Bila sentensi zile mbili sijui ningeshika wapi.

Msidhani ni Tanzania tu. Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya 1941, dalali alileta wanunuzi, mwenye mali akakataa kuuza, na mahakama ya juu kabisa kule ikasema kama makubaliano ni kulipwa mauzo yakikamilika na hayajakamilika basi dalali hana chake. Ukaja 2019 wakaamua nyingine, mtu aliongea na dalali kwa simu tu, hawakutamka kabisa kamisheni inalipwa lini, nyumba zikauzwa, mwenye nyumba akasema hakuna mkataba. Mahakama ikasema upo, mtu wa kawaida anajua dalali analipwa mauzo yakikamilika kutokana na pesa ya mauzo. Unaona tofauti? Wa 1941 mauzo hayakufika mwisho, wa 2019 yalifika. Kwa hiyo wewe konsaltanti pigania kitu kiitwacho kukamilika, kiandikwe kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la saba akisoma anaelewa.

Na hata kwetu, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, na ina kifungu kinachosema mtu akikufanyia kazi sio kwa nia ya kutoa bure na wewe ukafaidika, unapaswa kumfidia. Ila kuthibitisha ndio shughuli. Kwa hiyo kama umeshafanya kazi bila karatasi usikate tamaa, kusanya kila ulichonacho, barua pepe, meseji za WhatsApp, tiketi za basi, risiti za mafuta ya pikipiki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, wakili atakuongoza namna ya kuapa kuonyesha umetoka kwenye kifaa gani na haujachezewa, kwa hiyo ile simu usiiuze wala usifute chochote.

Jambo lingine ambalo watu hawaliulizi, mteja wako ni nani hasa? Mfuko mara nyingi umesajiliwa Mauritius huko, hauna hata mfanyakazi, ni makaratasi na akaunti. Anaekupigia simu ni kampuni ya kusimamia mfuko, na hiyo ni mtu mwingine kisheria. Ukisaini na msimamizi peke yake, siku ya siku atakwambia aliyefaidika ni mfuko kadai huko, ukienda kwenye mfuko wanakwambia sisi hatukusaini na wewe. Wote wawili wasaini, na waandike kwamba yeyote kati yao unaweza kumdai pesa yote. Hili walinijaribu nalo kwenye majibu yao lakini halikufika mbali kwa sababu sahihi zilikuwepo zote.

Walijaribu na lingine zito zaidi. Walisema nimetoa ushauri wa uwekezaji bila leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), kwa hiyo mkataba ni haramu na haulipwi. Hii mjifunze vizuri, ni hatari. Mtu anaeshauri watu wanunue hisa gani au dhamana gani anahitaji leseni ya CMSA kweli, na mkataba wa kitu kilichokatazwa na sheria haudaiki mahakamani. Kilichonisaidia ni hadidu za rejea, yani yale maelezo ya kazi niliyopewa, zilisema wazi kazi yangu ni utafiti wa soko, upimaji wa mavuno na hali ya barabara na umeme, na ndani ya ripoti hakuna sehemu niliyosema wekeza au usiwekeze. Hadidu za rejea watu wanazikopi tu kutoka kazi ya zamani, tafadhali msifanye hivo, kaeni nazo mstari kwa mstari.

Na wakaleta madai kinzani, yani wao nao wakanidai, kwamba nimevujisha siri kwa sababu niliongea na viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Lakini ntapimaje machungwa ya watu bila kuongea nao? Kwenye kifungu cha usiri hakikisha kumeandikwa wale ambao lazima uongee nao, wakulima, halmashauri, TANESCO wa umeme, TARURA wa barabara, la sivo kazi yenyewe unayoifanya inageuzwa kosa.

Sasa kuhusu wapi mnaenda mkigombana. Rasimu yao ilisema abitresheni, yani huo usuluhishi, ifanyike London. Jamani, konsaltanti wa Tanga atatoa wapi nauli na pesa ya mawakili wa London? Kifungu kama hicho maana yake haki yako imefungiwa kabatini. Tuliwabadilisha tukaweka Dar, msuluhishi mmoja, sheria ya Tanzania. Tuna Sheria ya Usuluhishi ya 2020, imefuta ile ya mkoloni ya 1931, na kikubwa zaidi Tanzania ipo kwenye Mkataba wa New York, ule wa nchi kutambua maamuzi ya wasuluhishi wa nchi nyingine, tangu 1964 na Mauritius nao wamo, kwa hiyo tuzo, yani uamuzi wa msuluhishi, ukiipata hapa unaweza kuipeleka kule ikakaziwa kwenye akaunti yao. Ubaya wa abitresheni ni gharama, msuluhishi mnamlipa nyie wenyewe, kwa hiyo kama dai lako ni dogo bora uandike mahakama, tuna mahakama hapa hapa Tanga, na kesi za madai huko lazima zipite kwanza kwenye upatanishi kabla ya kusikilizwa, na tangu 2021 sheria imeshaifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Kabla ya yote hayo peleka barua ya madai. Sio WhatsApp. Iandikwe na wakili, itaje kifungu, kiasi, na siku za kujibu, na ipelekwe kwa mkono ofisini kwao na daftari la dispachi, mtu aandike jina asaini na tarehe. Wangu walikataa kupokea mara ya kwanza, mpelekaji akaandika hapo hapo kwenye daftari jina la mapokezi, saa na maneno aliyoambiwa, alafu tukatuma tena kwa barua pepe na posta. Hiyo kurasa ya daftari ilisomwa mbele ya msuluhishi neno kwa neno.

Msikae na dai pia. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, watu wanabembelezwa na maneno matamu mpaka muda unapita. Na mkataba ukishasaini peleka ulipiwe ushuru wa stempu, usipolipiwa haupokelewi kama ushahidi na wenzako watalisimamia hilo kama pingamizi siku ya kwanza tu.

Kilichowamaliza wao ni lile jedwali. Kwenye nyaraka walizolazimika kuzitoa kulikuwa na karatasi ya kamati yao ya uwekezaji, ile iliyopitisha pesa za kampuni mpya, na ndani yake kuna vipimo vyangu vya matenga, tani zile zile mpaka desimali, na picha ya mzani wa Misozwe, mkono wa yule kijana umeshika kamba. Wakili wangu akaweka picha yangu halisi pembeni yake, ya kwenye simu, yenye tarehe na saa. Hakuongeza neno. Wakaomba tuongee nje, na jioni tukawa tunaongelea kiasi cha kunilipa.

Ntasema na hili kwa haki, mifuko nayo ina malalamiko ya kweli. Kuna makonsaltanti wanakaa Raskazone wanatunga takwimu za Handeni bila kufika, pesa za watu, nyingine ni za mifuko ya pensheni ya wazee wa nchi zingine, zinaingia kwenye mradi hewa. Ukiwa hivo hata mkataba uwe mzuri vipi utakuumbua wenyewe. Weka data ghafi zote, fomu, picha, majina ya uliowahoji, maana siku ya ugomvi ripoti nzuri isiyo na data nyuma yake haikusaidii.

Mkifika kwenye maelewano kuweni makini sana na hatua ya mwisho. Watakuletea karatasi ya kwamba madai yote yameisha, saini leo, pesa wiki ijayo. Usisaini hivo. Sisi tulimuomba msuluhishi ayaandike makubaliano kama tuzo, yenye tarehe ya kulipa na riba wakichelewa, na kwamba madai yanafutika pesa ikishaonekana kwenye akaunti yangu. Tukaandika pia kiasi ni kabla ya kodi ya zuio, ile anayokata mlipaji kabla ya kukupa pesa, ambayo kwa huduma za mkazi ni asilimia 5, wakikata lazima wakupe cheti cha zuio, hicho cheti kitunze maana ndio unachokwenda nacho TRA mwisho wa mwaka ili usilipe mara mbili.