Anza na Gorgias, kisha Aristotle

Ndugu yangu, umeuliza tasnifu yako kuhusu ushawishi kwa Wagiriki wa kale uianze na Plato au Aristotle. Anza na Gorgias, mjadala ulioandikwa na Plato. Humo Socrates anasema retorika, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, kwa roho ni kama upishi kwa mwili: inafurahisha tu, haiponyi. Neno analotumia, kwenye kifungu cha 465d, ni antistrofosi, yaani kitu kinacholingana na kingine. Sasa fungua sentensi ya kwanza kabisa ya Retorika ya Aristotle, kifungu cha 1354a: retorika ni antistrofosi ya dialektiki, sanaa ya kujadiliana kwa maswali na majibu. Neno lile lile! Kwangu mimi, hapo mwanafunzi, Aristotle, anamjibu mwalimu wake, Plato, waziwazi. Halafu tulia na kitabu cha 2 cha Retorika, sura ya 2 hadi 11, kuhusu hasira, woga na huruma. Usizipite haraka hata kidogo.