Usimfanye mwanao mkalimani wa kesi yake

"Wanasema kesho kuna baridi kali, tuvae makoti."

Hivyo ndivyo mwanangu wa pili alivyonitafsiria ujumbe wa simu kutoka shuleni. Nilikuwa jikoni nafunga chakula cha kwenda nacho kazini, simu ikaita, nikasikia ile sauti ya Kiingereza cha haraka, nikamkabidhi yeye kama kawaida yetu. Akasikiliza huku anaitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa, akakata. Siku mbili baadaye ikapigwa tena: makoti. Ya tatu pia: makoti. Tulikuwa katikati ya mwezi wa nne, hapa Kentucky, Marekani, maua yameshachanua na majirani wanakata nyasi kwa kaptula, na mimi natoa watoto nje wamevaa kama wanakwenda kuvua samaki kwenye barafu.

Simu ya nne alipiga mkalimani mwenyewe. Shule ilikuwa inaniomba nifike ofisini kuhusu jinsi mtoto anavyotumia kompyuta ya shule.

Sisimulii haya kumwaibisha. Sasa ni mrefu kunishinda na tunalicheka pamoja. Nasimulia kwa sababu tangu siku ile nimekutana na wazazi wengi wenzangu, Wakongo, Warundi, Wakenya, na karibu kila nyumba hali ni hiyo hiyo. Mtoto ndiye anayesoma barua, ndiye anayejibu simu, ndiye aliyefungua akaunti ya mzazi, na ndiye anayeshika neno la siri la kila kitu. Kwa mambo ya umeme na kodi ya nyumba, sawa, atusaidie. Lakini kwa mambo yanayomhusu yeye mwenyewe shuleni, hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Ofisini nilionyeshwa orodha kwenye skrini: tovuti, tarehe, saa. Saa saba na dakika 40 usiku. Saa nane na dakika 10. Saa hizo mimi niko ghalani napanga vifurushi, najua watoto wamelala. Mama wa ofisini alishusha orodha kwa kidole polepole, mkalimani kwenye simu anatafsiri, na mimi naona aibu kwa zamu. Michezo, michezo, video, mchezo mwingine uliofungwa ambao aliupata kwa kupitia mlango wa nyuma. Hakukuwa na uchafu, namshukuru Mungu. Ila mtoto alikuwa hajalala kwa muda wa wiki tatu, na mimi nilikuwa nalaumu chakula.

Kisha wakanitolea karatasi yenye saini yangu. Mwezi wa nane, siku ya kuandikisha, unapewa rundo: chanjo, basi, chakula, ruhusa ya picha. Katikati yake ipo fomu ya kanuni za matumizi ya kompyuta na intaneti. Nilisaini pale mtoto alipoweka kidole. Nilikuwa nimekubali kwamba kifaa ni mali ya wilaya ya shule, kwamba wanaweza kuona kinachofanyika ndani yake, na kwamba kikivunjika kwa uzembe nalipa mimi. Yote yameandikwa wazi. Tatizo ni kwamba aliyeisoma ni yuleyule ambaye fomu iliandikwa kumdhibiti.

Nikaanza kuuliza. Kwa nini shule inachunguza? Kumbe kuna sheria ya serikali kuu ya kuwalinda watoto kwenye intaneti, inaitwa kwa kifupi CIPA, Bunge la Marekani liliipitisha Desemba 2000. Shule inayopata punguzo la bei ya intaneti kutoka mpango wa E-Rate inatakiwa iweke chujio la kuzuia picha chafu, ifuatilie wanachofanya watoto mtandaoni, na iwe na kanuni ambazo zimewahi kujadiliwa kwenye mkutano wa wazi. Mwaka 2008 ikaongezwa kwamba watoto wafundishwe namna ya kuishi na watu mtandaoni na kuhusu uonevu. Kwa hiyo shule haitufanyii hisani wala haituonei, inatimiza sharti la pesa.

Lakini chujio ni chujio. La chai linazuia majani, haliwezi kukwambia kama maji yalitoka kisimani au mferejini. Mambo mawili nilikuwa siyajui. La kwanza, kwenye Chromebook, ile kompyuta ndogo ya shule, chujio kwa kawaida hufuata akaunti ya mwanafunzi mpaka nyumbani, hata akitumia Wi-Fi yako. La pili, simu yake mwenyewe yenye data yake haiguswi na chujio la shule hata kidogo. Mzazi anasikia "shule inawalinda" anapumua, kumbe kinacholindwa ni kile kifaa kimoja, na mtoto mfukoni ana kingine.

Halafu watoto wana akili. Nitakupa mfano mmoja nilioushuhudia. Jioni moja nikiwa nyumbani, binti yangu mdogo ameinamia kompyuta, ukurasa mweupe wa maandishi, kichwa kimeandikwa "Sayansi". Nikafurahi. Nikampelekea hata maandazi. Nilipoinama kuweka sahani nikaona maandishi yanajiandika yenyewe, rangi nne tofauti, bluu, waridi, kijani, zambarau, mstari juu ya mstari, na katikati uso wa kucheka. Walikuwa marafiki wanne wamefungua hati moja ya kazi ya shule na wanachati humo, kwa sababu programu za kuchati zimefungwa na hati hazijafungwa. Wakimaliza wanafuta yote, ukurasa unabaki mweupe. Sikugomba sana. Ni mazungumzo ya watoto wa darasa la sita kuhusu nani kanuna. Lakini nilijifunza kutouliza "unafanya nini?" nikiwa nimesimama mlangoni. Nakaa kitini, namwambia, "Nionyeshe." Hati hizo zina historia ya mabadiliko: ukiifungua unaona kilichofutwa. Mwambie mtoto kwamba unajua hilo. Inatosha.

Sasa upande wa pili, ambao wazazi hawausemi kwa kuogopa kuonekana wanapinga shule.

Binti yangu mkubwa aliambiwa na mwalimu aandike insha kuhusu familia. Akaandika habari za babu yake, jinsi alivyouawa Fizi, Kongo, kabla sisi hatujavuka Ziwa Tanganyika na kuishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Ni habari anayoijua kwa kusimuliwa. Aliandika maneno kama damu, panga, kufa, na aliandika pia kwamba siku nyingine anatamani angekuwa pamoja na babu. Wilaya nyingi zina programu inayosoma hati na barua pepe za wanafunzi ikitafuta dalili za mtoto anayetaka kujidhuru au kudhuru wengine. Ikamshika. Usiku huo huo simu ikapigwa nyumbani, mimi niko kazini, akapokea yeye. Hebu fikiria: msichana wa miaka 15 peke yake sebuleni anaulizwa kama anataka kufa.

Asubuhi nilikwenda na nguo za kazi. Mshauri wa wanafunzi alikuwa mama mpole, na mkalimani alipomtafsiria habari yetu kwa undani, alinyamaza muda mrefu. Siwalaumu kwa kupiga simu. Ipo siku mashine hiyo itamwokoa mtoto wa mtu, na pengine imeshaokoa. Lakini mashine haitofautishi kumbukumbu na kusudio, na nyumba kama zetu zimejaa kumbukumbu. Ushauri wangu: mwanzoni mwa mwaka zungumza na mshauri wa wanafunzi, umwambie kwa maneno yako familia imepitia nini, na uache namba mbili za watu wazima wanaoweza kupokea simu usiku. Mimi niliacha yangu na ya dada yangu. Na mwambie mtoto asiache kuandika. Wangu aliacha kwa miezi kadhaa, na hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna fomu inayoitaja.

Kwa anayedhani hofu ya kuchunguzwa ni ya wakimbizi tu: mwaka 2010 huko Pennsylvania, wilaya ya shule ya Lower Merion ilishtakiwa kwa sababu kamera za kompyuta walizowapa wanafunzi zilikuwa zinapiga picha wakiwa majumbani mwao. Kesi ziliisha kwa wilaya kukubali kulipa dola 610,000. Kwa hiyo kompyuta ya shule nyumbani kwangu hailali imefunguliwa. Inafungwa, inawekwa mezani sebuleni. Na kama unataka kujua shule imehifadhi nini kuhusu mwanao, sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inakupa haki ya kuona kumbukumbu zake za shule. Ukiomba, wana siku 45 za kukuonyesha. Omba kwa maandishi.

Simu ndiyo ngumu. Nyumbani kwetu saa tatu na nusu usiku simu zote zinaingia kwenye sufuria kubwa la ugali, lile la sherehe, na sufuria linalala chumbani kwangu, au kwa dada yangu nikiwa zamu. Watoto walisema wanatumia simu kama saa ya kuamkia. Nikanunua saa ya dola chache. Wakasema wanasikilizia Biblia. Nikawaambia Biblia ya karatasi ipo.

Sababu ya sufuria si michezo. Kuna utapeli unaowawinda wavulana zaidi, na FBI, wapelelezi wa serikali kuu, wametoa tahadhari mara nyingi: mtu anajifanya msichana, anamchati kijana wa miaka 14 mpaka 17, anamwomba picha ya uchi, na dakika ileile anageuka: lipa, au naituma kwa shule nzima na kwa mama yako. Vijana wamejiua kwa hili, wengine ndani ya saa chache. Kwa malezi yetu, ambapo mtoto anajua akisema atachapwa na jina la ukoo litasemwa kanisani, tapeli anakuwa na nguvu maradufu. Kwa hiyo sentensi hii niliwaambia wanangu kabla haijatokea, kila mmoja peke yake, kwenye gari ambako hatutazamani usoni: "Ukifanya kosa hilo, njoo kwangu usiku wowote, sitakupiga." Ilinitoka kwa shida. Sikulelewa hivyo.

Ikitokea: msilipe hata senti, kwa sababu akilipwa anarudi. Msifute mazungumzo, ni ushahidi. Mfungieni asiweze kuandika tena, mripoti. Kituo cha taifa cha watoto waliopotea na kudhulumiwa, NCMEC, kinapokea taarifa kwa namba 1-800-843-5678, na kina huduma ya bure iitwayo Take It Down inayosaidia picha ya mtoto iondolewe kwenye mitandao inayoshiriki, bila yeye kutaja jina wala kuwatumia picha yenyewe.

Nirudi kwenye ukalimani, maana mengine yote yananing'inia hapo. Hapa Kentucky wazazi hufuatilia maksi na mahudhurio kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Infinite Campus. Nenda ofisini na kitambulisho chako, uombe wakuonyeshe barua pepe na namba ipi imeandikwa kama ya mzazi. Yangu ilikuwa barua pepe ya binti yangu. Miaka miwili taarifa za kuchelewa kwake zilikuwa zinamfikia yeye mwenyewe, naye anajisamehe. Badilisha, weka neno la siri jipya, usimwambie mtu. Kisha omba waandike kwamba lugha yako ni Kiswahili na kwamba unahitaji mkalimani mtu mzima kwenye simu na vikao. Usione haya, na usikubali wakwambie "mtoto si yupo?" Ukiona mkalimani anaongea Kiswahili cha pwani na wewe ni wa Uvira, mwambie apunguze mwendo. Tutaelewana.

Jambo jingine la hapa: tangu sheria ya mwaka 2025, mwalimu au kocha wa shule ya umma Kentucky anatakiwa kuwasiliana na mwanafunzi kwa njia rasmi ambayo shule inaweza kuifuatilia. Kocha mzuri kabisa anaweza kuwa anamtumia mwanao ujumbe binafsi kwa nia njema. Mwambie kwa heshima atumie njia ya shule, au uandike kibali shuleni, na wewe ukae ukijua.

Mwaka jana nilikwenda kwenye mkutano wa bodi ya elimu. Ni wazi kwa kila mtu, unajiandikisha tu. Walinipa dakika 3, na mkalimani alikula nusu yake. Niliomba kitu kimoja: ile fomu ya kompyuta itolewe kwa Kiswahili. Mwezi wa nane ikaja kweli, kurasa sita. Mahali panapozungumzia vile vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta ili zikukumbuke, ambavyo Kiingereza huviita "cookies", neno lilelile la biskuti, wameandika kwamba mwanafunzi asikubali biskuti kutoka tovuti asizozijua. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia aondoke mezani, nikaisoma yote mpaka mwisho, nikasaini.